Idah Alisuka Kiondo Mpaka Ulaya

Mjukuu wangu Nyawira amenunua kamto ka kuvaa shingoni. Ukikaona kanafanana na nira ya ng'ombe, tofauti ni kwamba kako laini na rangi yake ni zambarau. Wiki ijayo anapanda ndege kwenda Kanada, masaa kumi na mangapi sijui, na tangu Jumatatu nyumba hii haina habari nyingine. Ana soksi za kubana miguu. Ana kitambaa cha kufunika macho. Ana sinema ishirini ndani ya simu. Jana akaniuliza, "Guka, na wewe safari ndefu ulikuwa unaipitisha aje?"

Mimi? Mimi ndege naiona ikipita juu ya migomba, basi. Safari yangu ndefu ilikuwa ya Mombasa, na nilikuwa naendesha mwenyewe, sikuwa na wakati wa kuchoka. Lakini dadangu Idah alipanda ndege mwaka wa hamsini na tisa, na hiyo safari yake naijua kuliko wale walioilala usingizi humo ndani. Kaa chini, nikamwambia Nyawira. Hiyo sanduku haiendi mahali.

Tulikuwa tunakaa Ruiru, kwa kile kijiji tulichosukumiwa na serikali ya mkoloni wakati wa Emajensi, nyumba zimebanana mpaka jirani akipiga chafya wewe ndio unatafuta kitambaa. Baba alikuwa ameshakufa. Mama yetu, Waithira, alikuwa akichuma kahawa kwa mzungu mchana, na akitoka huko anasuka viondo, vikapu vya katani. Mimi niliendesha lori ya Mhindi mmoja wa Thika, Bedifodi ya kijani, breki yake ni ya kuombea. Natoa kahawa Ruiru napeleka Thika, naenda Gatuanyaga kuchukua katani, narudi. Nilikuwa na mtu wangu wa kupakia, Mkamba anaitwa Mbuvi, mkubwa kwangu kwa miaka kumi na mdomo wake haujui mlango.

Idah alifanya kazi hospitali, Thika. Alianza na kupangusa sakafu, halafu wakamwonyesha kupima joto, halafu kufunga vidonda. Mikono yake ilikuwa myepesi. Mgonjwa anashtukia bendeji imeshafungwa na yeye hajaanza kulia. Sasa yule sista mzungu, mkubwa wa wodi, akaandika barua kwao Uingereza, na hospitali moja huko ikajibu: huyo msichana aje, asomee unesi miaka mitatu, tiketi ya ndege tutatuma sisi.

Ngai! Mtoto wa Waithira! Mama aliisikia hiyo habari akiwa na kikapu cha kahawa kiunoni, akaketi chini katikati ya mistari ya mibuni, na nyapara akamfokea mpaka akachoka mwenyewe.

Lakini kulikuwa na shida, na hiyo shida ilijulikana kutoka Ruiru mpaka Thika. Idah alikuwa anatapika kwa gari. Sisemi kidogo. Basi likiwashwa tu injini, hata kama bado halijasonga, yeye midomo inakuwa majivu. Kondakta alikuwa amemwekea debe chini ya kiti ya pili, upande wa kushoto, na mgeni akitaka kukaa hapo anaambiwa, "Ondoka hapo, hapo ni pa Idah wa Debe." Siku nyingi aliona afadhali atembee. Ruiru mpaka Thika, kwa miguu, halafu anaanza kazi.

Ile barua ilipitia kwa kanisa, na kanisa ndio lilitakiwa kuandika kwamba huyu msichana anaweza safari. Kamati ilikuwa na mwenyekiti, Mzee Bedan, mtu mpole wa kusikiza na macho yamefungwa. Na karani wake alikuwa Mwalimu Tobias Wamalwa, Mluhya wa upande wa Kitale, askari wa zamani wa vita ya Burma. Huyo Tobias ndiye peke yake kati yetu alikuwa amewahi kupanda ndege. Mara moja. Alikuwa anatuambia hiyo mara moja kila Jumapili.

"Mtu anayetapika kabla ya Juja," akasema mbele ya kamati, "atafika London akiwa nini? Atafika akiwa ngozi. Watamteremsha Entebbe wamrudishe, na hao wazungu watasema wasichana wa hapa hawawezi. Mlango utafungwa, hata kwa wale wengine."

Na hao wengine walikuwa tayari. Kulikuwa na Jentrix, binti ya dada yake Tobias, naye alikuwa hapo hospitali. Msichana mzuri tu, hakuwa na makosa. Gari haikumsumbua.

Mzee Bedan akafungua macho. "Mfundishe huyu Idah wiki tatu," akamwambia Tobias. "Wewe si umeenda hewani? Mfundishe kukaa. Halafu mtapanda lori pamoja, Thika mpaka Ruiru na kurudi. Asipotapika, ataenda. Akitapika, aende Jentrix. Na ni wewe utatuambia. Hawa wa nyumba yake hatutawauliza, watu hutetea damu yao."

Basi masomo yakaanza nyuma ya kanisa. Tobias aliweka mabenchi mawili, moja nyuma ya lingine. Idah anakaa mbele, Tobias nyuma, anatikisa benchi na magoti huku akinguruma kwa mdomo, brrrrr, kama injini. Mimi na Mbuvi tulikuwa tunapita hapo tukitoka kupakua kahawa. Mbuvi alilazimika kwenda kucheka nyuma ya choo.

"Miguu pamoja," Tobias anasema. "Brrrrr. Viatu visitoke. Mikono juu ya mapaja, imelala. Usiangalie dirishani. Usiongee na jirani. Usile. Kichwa kiwe wima."

"Mwalimu," Idah akasema, "huko ni masaa mangapi?"

"Ni siku nzima na zaidi. Brrrrr."

"Na hiyo mikono nitakuwa naifanyia nini siku nzima na zaidi?"

"Itapumzika."

"Yangu haijui kupumzika."

"Itajua. Wewe unafikiri mama wa kizungu anashika nini kwa ndege? Anashika glavu zake. Kwisha."

Wiki ya pili tukajaribu na lori. Idah akapanda katikati, mimi kwa usukani, Tobias dirishani. Akakaa vile alifundishwa, wima, mikono imelala, kama mtu anapigwa picha ya kipande. Tulipofika mteremko wa Ndarugu nikasikia amemeza mate mara tatu. Kabla ya daraja, debe.

Tobias akatoa kitabu chake kidogo akaandika kitu.

Siku hiyo Idah alirudi nyumbani akakataa chakula. Mama akamwambia polepole, "Mwanangu, labda Mungu hajapanga."

"Maitu, Mungu hajasema kitu," Idah akajibu. "Ni Tobias amesema."

Halafu akanigeukia mimi, na macho yake yalikuwa makavu kabisa. "Nitaenda. Hata kama nitatapika juu ya kila nchi iliyoko kwa ramani, nitaenda. Huko chini wafungue miavuli."

Mimi nikacheka, lakini moyoni nilijua Tobias ndiye ataandika.

Jumatano iliyofuata mama akamtuma aende na mimi Gatuanyaga, akachague katani nzuri kwa wale Wakamba wanaoitengeneza vizuri, nyeupe, bila makapi. Ile barabara ya Gatuanyaga ya siku hizo, wacha tu. Mavumbi na matuta, meno yanagongana. Mbuvi alikaa nyuma juu ya magunia, na Idah karibu na mimi, debe katikati ya miguu. Alikuwa na hasira. Ndani ya mfuko wa mama kulikuwa na kiondo kilichoanzwa, kitako tu kimekwisha, kama sahani, na nyuzi zikining'inia pande zote kama nywele. Akakitoa akaanza kukisuka, si kwa sababu ya kitu chochote, ni hasira tu, vile mwingine angevunja vijiti.

Wewe Nyawira hujaona wamama wakisuka kiondo wakitembea, lakini sisi tuliona kila siku. Mama ana kuni mgongoni, mtoto juu ya kuni, na vidole vinasuka. Kiondo hakiangaliwi. Macho yanaangalia njia, mikono iko na shughuli yake. Kwa hivyo Idah alikuwa anaangalia ule mlima wa Kilimambogo, huku anamtukana Tobias taratibu, na kidole kinapitisha uzi, kinavuta, kinapitisha. Mimi pia nilikuwa namsaidia kumtukana. Tukafika Gatuanyaga tukiwa bado hatujamaliza.

Nikazima injini. Nikaangalia chini.

"Idah."

"Nini?"

"Tumefika."

"Naona."

"Debe."

Akaliangalia. Mimi pia nikaliangalia. Mbuvi akafungua mlango, akaingiza kichwa. "Kwani leo ni nani amekufa?" akasema. "Mbona debe ni kavu?"

Tukirudi nikamwambia ajaribu kuweka kiondo chini. Akakiweka. Kona ya tatu, midomo majivu. "Shika! Shika!" nikapiga kelele, akakishika, na tulipofika Thika alikuwa anakula muhogo wa kuchoma.

Jumamosi ya mtihani ikafika. Kamati ilikuwa imekaa nje ya kanisa kwa viti, Mzee Bedan mbele, na Jentrix na mama yake wamevaa vizuri, kwa sababu mtu hajui. Tobias alikuja na kofia yake ya helmeti, ile nyeupe ya waalimu, kitabu mfukoni. Idah akatokea na gauni la kwenda kanisani, viatu vyeusi, na kiondo.

"Hicho ni nini?" Tobias akauliza.

"Ni kiondo, Mwalimu."

"Naona ni kiondo. Kinaenda wapi?"

"Kinaenda na mimi."

"Binti, ndege si soko. Utakaa na wazungu huku na huku na wewe unafuma makamba kama mtu anangojea kuuza viazi? Tutaaibika sisi wote. Weka chini."

Mama alikuwa amesimama karibu na ua, akainamisha kichwa, kwa sababu hicho kiondo kilikuwa kazi ya mikono yake.

"Sikiweki," Idah akasema.

"Basi umeanguka mtihani kabla ya lori kuwaka."

"Mzee Bedan alisema nisipotapika nitaenda. Hakusema mikono yangu ikae wapi." Akavua viatu vyake pale pale, akavitia ndani ya kiondo. "Kwenye kiti cha ndege nitakaa mimi, Mwalimu, si wewe. Kama unataka kuninyima, ninyime kwa kutapika. Kwa kiondo huninyimi."

Tobias akamgeukia Mzee Bedan. Mzee alikuwa amefunga macho. "Lori iwake," akasema.

Sasa hapa nitasema ukweli, kwa sababu nimezeeka na yule Mhindi hayuko tena. Barabara kubwa ilikuwa nzuri. Lakini mimi sikupita barabara kubwa. Nilikata nikaingia zile njia za ndani ya mashamba ya kahawa, za matrekta, matuta baada ya matuta kama ubao wa kufulia nguo. Nilikuwa nataka asiwepo mtu wa kusema baadaye kwamba ilikuwa rahisi. Na kidogo, kidogo tu, nilikuwa na ubaya.

Idah alianza kusuka kabla hatujapita hoteli ya Blue Post. Macho mbele, vidole vinaenda. Alikuwa akiniuliza mambo ya nyumbani, kama mbuzi amepona. Tobias alikaa wima. Viatu vimefungwa, miguu pamoja, kitabu kiko juu ya paja, anaandika makosa ya Idah. Amevua viatu. Anaongea na dereva. Anaangalia dirishani. Kila tuta, kalamu inaruka, na yeye anainama zaidi kuandika.

Tulifika Ruiru, tukazunguka pale stesheni, Idah mzima kabisa. Nikaanza kurudi. Karibu na Juja nikaona Tobias ameacha kuandika. Jasho limetoka kwa mdomo wa juu. Alikuwa anafuata sheria zake zote, maskini, mikono imelala, kichwa wima, haangalii nje.

"Mwalimu, uko sawa?" Idah akauliza.

"Niko sawa."

"Fungua dirisha."

"Hatufungui. Kwa ndege dirisha hai... hai..."

Hakumaliza. Alivua kofia yake ya helmeti kwa heshima, kama mtu anaingia kanisani, akatapika ndani.

"Mayi wee," akasema, na ikaja tena.

Nikafunga breki, hizo za kuombea, na siku hiyo zikasikia. Huko nyuma Mbuvi alikuwa anagonga kwa paa, "Ni nini? Ni nini?" Idah akasukuma debe kwa Tobias, akamshika paji la uso na mkono mmoja, vile alivyozoea wodini. Hakumcheka. Mimi ningecheka. Alingoja ikaisha, akampangusa, halafu akachukua nyuzi za kiondo, zile ndefu, akamwekea mkononi.

"Shika hapa, Mwalimu. Vuta. Sasa angalia mbali, ule mti. Usiangalie chini. Ukinivutia uzi ninyooshe kazi, tutafika."

Na Tobias Wamalwa, askari wa Burma, akavuta uzi kutoka Juja mpaka Thika. Kile nilikuwa nafikiria ni kwamba huyu mtu sasa tumemwaibisha, na ni yeye peke yake ataulizwa, na mtoto wa dada yake anangoja hapo na gauni nzuri. Nikajuta zile njia za matrekta. Nilitaka kumwambia Idah amwombe. Nikamkonyeza. Akakataa kuniangalia.

Tulisimama mbele ya kanisa. Mzee Bedan akaja mwenyewe, akaangalia ndani ya lori, akaliona debe. Halikuwa kavu.

"Haya," akasema. "Debe limetumika. Nani?"

Mimi nikafungua mdomo. Mzee akainua kidole. "Wewe sikukuuliza. Mwalimu?"

Tobias alishuka polepole. Kofia alikuwa ameishika mbali na mwili, na hakuweza kuivaa na hakuweza kuitupa. Akamwangalia dada yake. Akamwangalia Jentrix. Injini ilikuwa ikipoa, tik, tik.

"Ni yangu," akasema.

"Yako?"

"Debe ni yangu. Na kofia ni yangu."

Nyuma ya lori Mbuvi akaanza kukohoa, na kwa mara ya kwanza maishani mwake akajizuia.

"Na msichana?" Mzee Bedan akauliza.

"Amevunja sheria zangu zote. Viatu alivua, dirishani aliangalia, aliongea safari nzima, mambo ya mbuzi. Na kiondo hakuweka chini hata dakika." Akapumua. "Hakutapika. Hata Burma, Mzee, ndani ya ile ndege... sisi wote tulikuwa wima na sisi wote tulitapika. Sikuwahi kuwaambia."

"Kila Jumapili umetuambia safari hiyo," Mzee Bedan akasema, "na hiyo sehemu unaruka." Akafunga macho yake tena. "Andika kwamba anaweza."

Mama yake Jentrix aliondoka bila kuaga mtu. Jentrix mwenyewe alibaki, akamshika Idah mkono. Naye alienda, mwaka uliofuata, na Idah ndiye aliyempokea.

Kwenda Embakasi, kwa uwanja wa ndege, ilikuwa maneno. Siku hizo sisi wa kabila letu tulikuwa bado ni watu wa pasi, huwezi kwenda Nairobi hivi hivi bila karatasi ya serikali. Tukapata pasi tatu, yangu, ya mama, ya Idah. Tobias ni Mluhya, hakuhitaji pasi, akajileta, na kofia mpya. Tulisimama nyuma ya waya tukiangalia Idah akitembea kwenda kwa ngazi za ndege, gauni lile lile, kiondo mkononi, na nyuzi mama alizomsokotea wiki mbili kwenye paja, mafungu manne, kila moja na rangi yake.

Kwa ngazi kulikuwa na mama wa kizungu wa kofia ya samawati. Tukamwona anaonyesha kiondo, anaonyesha mahali mizigo inawekwa chini ya ndege. Akakishika. Idah akakishika. Wakavutana hivi, kidogo tu, kwa adabu, lakini walivutana. Nyuma yao watu wakaanza kupanga foleni. Mama akanishika kiwiko mpaka kikauma.

"Achilia, mwanangu," mama akasema kwa sauti ya chini. "Achilia uende."

"Asiachilie!" Tobias akasema. Akapiga kelele kupitia waya, ile sauti ya jeshi, "Idah! Usiweke chini!"

Sijui kama alisikia. Tuliona mdomo wake unasema kitu kifupi. Yule mama wa kizungu akamwangalia, akaangalia kiondo, akatoa mkono. Idah akapanda, na kwa mlango hakugeuka, kwa sababu mikono yote miwili ilikuwa imejaa.

Barua ilichukua wiki nyingi. Ikaja na kifurushi, na ndani ya kifurushi ni kiondo, kimekwisha, na vishikio. Jentrix ndiye alitusomea. Kwa ngazi, Idah aliandika, nilimwambia: niko kazini.

Hiki hapa, Nyawira, shika. Hii nyekundu ya udongo ni kutoka Nairobi mpaka Entebbe. Hii nyeusi ni mpaka Khartoum, na hapo anasema joto liliingia mpaka watu wakavua makoti, na yeye viatu vyake vilikuwa chini ya kiti tangu asubuhi. Sasa pitisha kidole hapa. Unasikia? Hapa ni mbaya, kuna mafundo, uzi mnene na mwembamba. Hiyo ni Khartoum mpaka Benghazi, na hii ya juu yake ni mpaka London. Jirani yake alikuwa mzungu, mzee, anatetemeka ndege ikiruka, ameshika kiti mpaka kucha nyeupe. Idah akamwekea katani mkononi, akamwonyesha kupota. Mzee wa watu akapota uzi jangwa lote, vibaya sana, na Idah akausuka vile vile ulivyo. Mama alitaka kuufumua. Mimi nilikataa.

"Guka," Nyawira akaniambia, "lakini mimi sijui kusuka."

"Najua hujui. Mama yako pia hajui. Beba hata maharagwe ya kuchambua."

Akacheka sana. Lakini leo asubuhi nimepita kwa chumba chake nikaona sanduku imefungwa, na juu yake kiondo cha Idah kimekaa, tayari cha kubebwa mkononi. Ndani ameweka kale kamto ka zambarau. Hiyo sikukataza. Chini ya kamto kuna fungu la katani, bado mbichi, sijui alilitoa wapi.

Wakimuuliza pale kwa mlango wa ndege, anajua la kusema.